Mitumbwi Niliyonunua Vita Vikiwa Mlangoni

Ndugu zangu, asalaamu alaykum. Haya nayasoma, maana nikisimama mbele ya watu nachanganya mambo, na sitaki kumsingizia mtu.

Mimi na dada yangu tulikuwa na mtumbwi mmoja, tukipeleka mpunga wa Chumbi kule Mbwera. Jirani yetu alikuwa na mitatu mikubwa, na wapiga kasia wake. Habari za vita vya maji, vya kumpinga Mdachi, ziliposhuka kutoka Umatumbi, akaamua kuhamia pwani. Akaniuzia kazi yote, mitumbwi na wateja, kwa mpunga wetu wa ghalani, pamoja na ule wa mbegu.

Dada akanishika kanzu. "Kaka, hata mbegu? Ngoja tuone vita vinaelekea wapi."

"Nikingoja atachukua mwingine."

"Na achukue! Wewe utakula mitumbwi?"

Nikacheka. Nawaambieni, nilijiona mjanja kweli.

Haukupita muda, askari wa Mdachi wakaichukua mitumbwi yote wavushe watu wao mtoni. Wapiga kasia wakakimbilia mikokoni, kwa kuwa aliyewavusha askari alionekana msaliti. Mvua ikaja, wenye mbegu wakapanda. Sisi tukachimba mizizi porini. Watoto wa dada walikonda, nikawa siwezi kuwatazama.

Wala sisemi nilidhulumiwa. Yuko aliyenunua wakati uleule, akaificha mitumbwi yake vijitoni, na leo ana neema. Huenda hata ningengoja ningekosea. Sijui.

Vita vilipotulia jirani akarudi. Mtumbwi wake mmoja tuliukuta umezama matopeni. Nikamwambia, "Nipe mbegu zangu, uchukue chombo chako."

"Mbegu tulizila njiani, mimi na wanangu," akasema. "Ila wapiga kasia wananijua. Tulime pamoja kwanza."

Nilikubali, tukakopa mbegu kwa akina mama wa Chumbi, lakini roho haikutulia. Kila asubuhi nilitaka tuanze safari, na dada akiniuliza, "Utapakia nini leo, upepo?"

Mpunga ulipoiva, wapiga kasia walikuja wenyewe kuuliza tunapakia lini. Hapo ndipo tukaziunganisha kazi zetu mbili, yangu na ya jirani, na mpaka leo tunakula pamoja.

Namshukuru dada, na jirani, na akina mama wa Chumbi waliotukopesha mbegu bila kutusimanga. Nanyi mkimkuta mwenzenu amefunga mizigo, anauza kwa haraka, msimwulize bei tu. Mwulizeni hicho anachokimbia kitamfikaje atakayebaki. Yule wangu hakunificha. Ni mimi sikumwuliza.