Ndoo ya Buluu ya Profesa Ambrosi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Newala, Masasi, hadi Chiwata, salamu. Leo tunamkumbuka Profesa Ambrosi Chilumba, mtoto wa Mkunya, msomi wa mambo ya amani. Amefariki Jumatatu, hapohapo Mkunya.

Profesa alipewa nishani tatu. Narudia, tatu. Mbili za ng'ambo, moja ya hapa nchini. Zote kwa kitabu kimoja, cha foleni ya maji. Alieleza jinsi akina mama wa Mkunya wanavyopanga ndoo alfajiri, wanakwenda shamba, na wakirudi kila ndoo iko mahali pake. Mlinzi hakuna. Yeye akasema, amani ndiyo hiyo.

Alipostaafu alirudi kwao. Mkewe ameshafariki, watoto wako mbali. Nishani akazitundika sebuleni. Ila kila akifika bombani na ndoo yake ya buluu, watu wanampisha.

"Shikamoo, Profesa. Pita mbele."

"Marahaba. Mimi niko nyuma ya Bibiana."

"Nyuma yangu mie? Mtu wa nishani tatu? Pita, baba, usitutie aibu!"

Wanacheka, wanamjazia. Dakika mbili tu, yuko njiani peke yake, na huku nyuma maongezi yanaanza tena. Mimi pia nateka maji pale. Nilimwona mara nyingi akigeuka kuangalia.

Dada yake, Mama Stefano, ameniambia: "Kaka alikuwa ananiuliza, 'Veridiana, nifanyeje na mimi wanipange?' Namwambia, wanakuheshimu. Anasema, 'Heshima yenyewe inanirudisha nyumbani mapema mno.'"

Jumatatu alivizia. Akina mama wakiwa shamba, akaja akaweka ndoo yake mwisho kabisa, ya kumi na nane, nyuma ya ndoo ya Bibiana. Akaenda nyumbani kungoja zamu. Akafia kitini.

Habari zilipofika bombani, mmoja akainama aitoe ile ndoo. Bibiana akamwambia, "Iache hapohapo. Yuko nyuma yangu."

Wakaisogeza kwa mguu, hatua kwa hatua. Hakuna aliyeipitisha mbele. Ilifika bombani saa nane. Maji yake ndiyo yaliyomwosha Profesa.

Poleni sana Mama Stefano, watoto, na Mkunya nzima. Nasi tuliobaki tujiulize: yupo nani tunayempisha kila siku, wala hatujamuuliza ameamkaje?