Mshipi Uliolegezwa

Tangu matatu yetu itoke Kitengela, mzee aliyekaa mbele yangu hakutulia. Alikuwa akienda Kajiado kumwona mwanawe hospitalini, aliyeanguka na pikipiki jana akachanika paja. Mama aliyeketi kando yake, mhudumu wa afya wa kijijini, alipakata mkoba mwekundu wa kuzuia damu, kama ule unaotundikwa sokoni ili yeyote autumie.

"Hata mwanangu Lemein walimfunga na mshipi wa mkoba kama huo," mzee akamwambia. "Nilipofika nikaulegeza. Ng'ombe tukimtoa damu, tunamfunga shingo ndiyo itoke. Ukilegeza kamba, inakoma."

"Na ilikoma?"

"Iliruka. Mpaka sasa hajafungua macho."

"Mtu si ng'ombe, mzee. Ukishafunga, unaachia daktari."

"Na mbona mnatundika mkoba na hamtufundishi?"

"Iko na picha ndani."

"Damu inaruka, mimi nisome picha?"

Mama akafungua mkoba, akatoa mshipi. Mimi, niliyehitimu juzi katika afya ya jamii, nilikuwa na majibu mengi, yote ya darasani.

Mzee akavua koti, akanyoosha mkono. "Nifunge, mama. Nataka kujua."

Mama akamfunga, akazungusha kijiti cha kukazia mshipi mpaka mzee akakunja uso. Gari likasimama kwenye lango la hospitali.

"Sasa nikufungue. Hiyo ilikuwa ya kujifunza tu."

"Niache nao mpaka kitandani kwa Lemein. Akifungua macho, aone nimejua."

Akashuka, ameutanguliza mkono ule kama aliyebeba kibuyu cha maziwa.