Mikono Iliyozidi Pale Mlandege

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Uyole na basi la alfajiri, nanyi majirani wa Mlandege mliokesha nasi kwenye baridi hili la Juni, familia imemtuma Veneranda Kikoti, mdogo wa mjane wa marehemu, awasomee safari ya shemeji yake, na familia inajua fika kwamba Veneranda mdomo wake hauna breki, kwa hiyo atakayechomwa avumilie, marehemu mwenyewe ndiye aliyemchagua.

Marehemu Alinanuswe Mwaitebele alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Uyole, Mbeya, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Anyosisye Mwaitebele na Bibi Tupokigwe, wakulima wa viazi na pareto, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo Uyole kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akajifunza useremala kwa mafundi wa misheni hadi mwaka 1978. Mwaka uliofuata alikwenda Mufindi kupasua mbao kwenye viwanda ambavyo leo hatutavitaja, akakaa huko miaka kumi na mitano akimeza vumbi la misonobari bila hata kitambaa cha puani, maana siku zile kijana aliyejifunika uso alichekwa na wenzake kwamba anajifanya bibi harusi.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa takatifu na dada yetu Bertha Kikoti hapa Iringa, baada ya kuja kuposa mara mbili, kwani mara ya kwanza wazee wetu wa Kihehe walimrudisha kwa kosa la kuja na mshenga mwenye haraka, na Mungu akawajalia watoto watatu, Juliana, Sosthenes na Danieli, na wajukuu watano.

Mwaka 1995 alifungua karakana yake ya mbao hapa Mlandege, mashine moja ya msumeno wa duara na vijana wawili, baadaye wakafika saba, wote wakilipwa kwa kila ubao. Na hapa tuseme ukweli jamani, shemeji yetu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu mdogo aliyetakiwa kubeba makubwa, leo wanakuja wa leseni, kesho wa zimamoto, keshokutwa wa usalama kazini, kila mmoja na masharti yake kana kwamba pale kuna watu mia tano, mpaka akawa anasema hawa wanampima kuku kwa mzani wa ng'ombe. Akanunua kinga ya bati ya kufunika meno ya msumeno, kama alivyoagizwa, lakini kinga ile ilichelewesha kazi, na vijana wenyewe, wanaolipwa kwa ubao, ndio waliokuwa wa kwanza kuitoa na kuitundika msumarini, ikawa inavaliwa wakija wakaguzi tu, kama vikombe vya wageni, na wao wakaita kitendo hicho kuuvisha msumeno suti. Damari, mke wa Fanueli Sanga, yule fundi mkuu wa msumeno, alikuwa akikaanga chapati pale kona, na kazi yake nyingine ilikuwa kupiga kelele akiona gari la serikali.

Jumatano ya tarehe 11 Mei 2016, asubuhi, gari jeupe lilikata kona, Damari akaita, wageni hao, wageni, Fanueli akainyakua kinga msumarini akataka kuuvisha msumeno suti kabla haujasimama, mikono yake yote miwili ikaingia, akafariki njiani kabla ya kufikishwa hospitali, na lile gari, Mungu wangu, lilikuwa la watu wa harusi waliopotea njia. Fanueli hakuwa amesajiliwa kwenye mfuko wa fidia, kwa sababu kila mwaka shemeji yetu alisema mwakani, mwakani mambo yakitulia, hivyo Damari na watoto wake wawili wakabaki na rambirambi na pole za watu.

Baada ya matanga marehemu aliifunga kinga ile kwa nati ili isitoke tena, na akaweka utaratibu mpya, kwamba kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ya kuwasha mashine, yeye anaita kwa sauti, mikono, na kila kijana anainua yote miwili juu aonekane yuko mbali na msumeno. Walikuwa wamebaki vijana sita. Brayson ndiye aliyemfuata pembeni wiki ya kwanza, midomo imemkauka, akamwambia mzee, mimi sijalewa, ila nyuma ya msumeno pale kuna mikono imezidi. Shemeji yetu akamjibu, nyamaza ufanye kazi, hata mimi naiona. Ilikuwa myeupe kwa unga wa mbao mpaka kwenye viwiko, ikiinuka pamoja na ya wenzake na kushuka pamoja na ya wenzake, na nyuma yake palikuwa na giza la kona tu. Hakuna aliyekimbia, kwa maana njaa nayo inatisha, na hakuna aliyelisema jambo hilo nyumbani kwake.

Tarehe 6 Februari 2018 alikuja mkaguzi mgeni kutoka Mbeya, Bi Bupe Mwalyego, hajui lolote la pale, akafika wakati wa mikono, akapendezwa, akakagua kinga, akakagua nyaya, kisha akauliza kwa upole mbona yule wa saba aliyesimama kule kona hana glavu, na mkataba wake uko wapi, na bima yake iko wapi. Marehemu akavua kofia akamweleza huyo ni nani, na Bi Bupe akaomba maji, akakaa juu ya gogo, akakaa sana.

Angeweza kufunga pale siku ileile, sheria ilimruhusu, na familia sita zingelala njaa kwa jina la usalama wao. Hakufunga, wala hakufumba macho. Alipanga nao hatua kwa hatua, kwanza barakoa, kisha usajili wa kila kijana, malipo yakawa ya siku badala ya ubao ili asiwepo wa kukimbizana na msumeno, akawapigania ofisini kwao wapewe muda, na mwisho akamwambia marehemu kwamba huyu wa kona amesimama muda mrefu mno akingoja haki yake. Ndipo Damari akaajiriwa kwa mkataba, akakabidhiwa swichi, asiwashe mwingine yeyote, na watoto wake wakasomeshwa na karakana mpaka leo.

Ila kuna jambo, na Veneranda ameambiwa asilisome, analisoma. Mikono ile haikuacha kuinuka, wote wanaiona, isipokuwa Damari. Kila asubuhi huita yeye, mikono, kisha huwauliza vijana wanatazama nini kule kona, na kila asubuhi wanamjibu, hamna kitu dada.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2021, madaktari wakasema mapafu yake yana makovu ya vumbi la tangu ujana, akalazwa hapa Iringa mara tatu, na mara ya mwisho alikuwa akiinua mikono yake kitandani kila asubuhi saa moja na nusu. Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, mzee mmoja wa Ruaha Mbuyuni aliyelala kitanda cha jirani alimuuliza Bertha, mama, yule kijana anayeinua mikono pamoja naye ni mwanao? Bertha aligeuka akaona dirisha tu. Alipogeuka tena, mumewe alikuwa ameshatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kuleta kuni, Bi Bupe aliyesafiri kuja kuzika, na vijana wa karakana waliolitengeneza jeneza hili wakiwa wamevaa barakoa zao. Watoto wamekubaliana kwamba karakana haifungwi, itafunguliwa baada ya matanga, na swichi itabaki kwa Damari.

Mwisho kuna neno aliloliacha marehemu. Kwenye mazishi ya Fanueli ni yeye aliyesimama kusoma kama hivi, akamaliza kwa kusema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, sote tukaitikia, na Damari alikuwa amekaa pale mbele akisikia, akilia, akiamini kwamba kama si Bwana basi ni sauti yake yeye, iliyoita wageni, ndiyo iliyomuua mumewe. Shemeji yetu aliomba maneno hayo yasirudiwe leo, Baba Mchungaji utusamehe. Bwana alitupa Alinanuswe, na Fanueli pia ni Bwana aliyetupa, hilo tunalisema kwa nguvu. Lakini aliyemtwaa Alinanuswe ni vumbi, na aliyemtwaa Fanueli ni msumeno ulioachwa wazi, na walioujua uko wazi ni sisi wote. Damari, mdogo wangu, inua uso, si sauti yako.

Pumzika kwa amani, shemeji, na Fanueli apumzike nawe.