Bwana Kwa Nini Anafunga Darasa la Hoja

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha balagha chuoni kwetu, anastaafu mwenzetu ambaye wanafunzi walimwita Bwana Kwa Nini. Hata ukimwambia chaki imekwisha, atakuuliza kwa nini.

Alifundisha kwamba anayetaka kushawishi lazima aaminike, aguse moyo na awe na mantiki. Yeye mwenyewe aliegemea mantiki. Vikaoni alibomoa hoja zetu moja baada ya nyingine, kwa upole, huku akimenya chungwa. Timu yake ya mdahalo ililetea chuo vikombe saba.

Miaka tisa iliyopita mkewe, fundi cherehani, aligundulika kuwa na uvimbe tumboni. Daktari alishauri upasuaji, mkewe akakataa. Mwenzetu alimpelekea takwimu, akamtajia waliopona, akajibu kila pingamizi. Alitusimulia mwenyewe kwamba siku ya tatu mkewe aliweka sindano chini, akasema, "Umenishinda, baba watoto. Lakini hujanishawishi."

Akadhani ni ukaidi. Miezi ikapita, mpaka shemeji yake alipomweleza kwamba mama yao alifia katika chumba cha upasuaji, na binti aliyekuwa nje ameshika kandambili zake ndiye huyo mkewe. Mganga hajigangi: mtu wa kuuliza kila kitu, hilo hakuwahi kuliuliza. Alipomuuliza, mkewe alilia sana, kisha akakubali upasuaji. Maji yalikuwa yamekwishazidi unga. Tulimzika kabla muhula haujaisha.

Aliporudi darasani hakuandika kitu ubaoni. Aliwatuma wanafunzi wakamtafute mtu wasiyekubaliana naye, wamuulize anaogopa nini, wala wasimjibu. Mwaka jana, wanafunzi walipogoma kwa ajili ya mabweni, uongozi ulimwomba akawahutubie. Alikaa nao ngazini tangu asubuhi hadi adhuhuri, akisikiliza tu. Kesho yake alimleta mkuu wa chuo akae palepale. Mgomo ukaisha.

Tulipompongeza alisema, "Nimejifunza kwa bei mbaya."

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kusema, na zaidi kwa kutufundisha kunyamaza. Tunajua unarudi kwenye nyumba yenye ukimya mwingi, na hatuna hoja ya kukuondolea hilo. Tunakuombea afya na siku za utulivu. Jumatano tutakuja kukutembelea, tukae tu.