Siku Dada Alipomtoa Mwanawe Kwenye Fainali

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa chama chetu, makocha, waamuzi, wapanda farasi na wazazi wao. Na nyinyi farasi, mliotuazima banda lenu leo tukapanga viti: hamjambo nyote?

Nimesimama hapa kama mwenyekiti wa klabu, lakini mnisamehe nikisahau cheo nikazungumza kama ndugu. Mwamuzi mkuu anayestaafu leo ni dada yangu, wa tumbo moja. Mnamwita Mama Kanuni. Wapo walioanza kumwita hivyo kwa kejeli. Leo tulitamkeni jina hilo kwa heshima.

Vijana mnaoanza mchezo huu, mmewahi kujiuliza kwa nini kanuni zetu ni kali hivi? Mcheza mpira akiumizwa hulalamika, wakati mwingine hata kabla hajaguswa. Farasi akiumizwa atamwambia nani? Mwanamichezo huyu hana mdomo wa kujitetea. Kanuni ndiyo mdomo wake.

Kuna wakati baadhi ya klabu zilitususia. Zilisema uwanja wetu ni wa ukoo mmoja: kaka anatangaza, dada anaamua, binti anashinda. Basi ikafika fainali. Mpwa wangu akaruka vizuizi vyote bila kuangusha hata ufito mmoja, tena kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Watu wakasimama. Mfadhili alikwisha kulikamata kombe.

Dada akaenda langoni kumkagua farasi, kama alivyowakagua wengine wote. Akapitisha glavu nyeupe ubavuni, pale kisigino cha mpandaji kinapogusa. Glavu ikatoka na doa jekundu. Chuma cha kisigino kilikuwa kimemchuna mnyama.

"Kadoa kenyewe haka," mfadhili akanong'ona, "nani atakaona?"

"Farasi ameshakahisi," dada akajibu.

Mpwa wangu alikuwa bado juu ya tandiko, uso umemshuka. "Mama, sikukusudia."

"Najua, mwanangu. Lakini kanuni inauliza damu, haiulizi kusudi. Shuka."

Nikafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Dada, huyu ni mwanao!"

"Ndiyo maana utangaze haraka," akaniambia, "kabla sijaanza kulia."

Nikatangaza kwamba ametolewa. Tulizomewa, ndugu zangu, tena na watu wetu wenyewe! Kombe likaenda kwa binti wa fundi cherehani, kutoka klabu jirani.

Baadaye nilimkuta dada bandani. Alikuwa amevua koti la uamuzi, ameinama na mwanawe wanaosha lile jeraha kwa maji ya chumvi.

"Nilidhani utanitetea," mpwa wangu alikuwa akisema.

"Nilimtetea asiyeweza kusema. Sasa njoo ulie, mama yako nipo."

Wakalia wote wawili. Na mimi, mjomba mtu mzima, nikajifanya natafuta ndoo.

Msimu uliofuata klabu zote zilirudi, hata tukakosa mahali pa kufunga farasi. Kamati ikamshauri dada akae kando kwenye fainali, kwa kuwa mwanawe alikuwa anashindana. Mnajua nani alikataa? Washindani wenyewe, wakiongozwa na binti wa fundi cherehani. Mpwa wangu akasema, "Mwacheni aamue yeye. Nikishinda mbele ya mama, hakuna atakayesema nimebebwa."

Siku hiyo alipanda bila vyuma vya kisigino. Akashinda. Na aliyekuwa wa kwanza kusimama na kumpigia makofi, mpaka viganja vikawa vyekundu, ni yule yule binti wa fundi cherehani.

Dada, unatuachia uwanja ambao anayeshindwa hurudi kwao bila kinyongo, na anayeshinda hulala usingizi mnono. Mwenye klabu ya namna hii atembee vipi, kama si kifua mbele? Kapumzike, dada. Umetuheshimisha.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kunitegea masikio. Asanteni sana.