Pampu Iliyojifunza Kukaa

Niwieni radhi mapema: kisa hiki nitakisimulia vibaya. Nina mdomo mpana na kumbukumbu nyembamba, na kila nikifika penye huzuni nashikwa na kicheko. Aliyestahili kukisimulia ni pampu yenyewe, ila siku ile iligoma kutoa hata sauti, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta, penye kona ambayo kila anayepita lazima apunguze mwendo asalimie. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa la Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini anatukaripia kwa haki zote za shangazi. Asubuhi anauza kahawa. Nyuma ya ukuta ana bustani ya miche, ana kisima, na ana pampu ndogo ya petroli, ile ya kuvuta kamba. Mvua zilipoanza pampu ikakosa kazi, naye akatukabidhi tuitunze chini ya benchi letu. Akatugawia majukumu kama anayegawa dawa. Fundi Nusu atoe petroli yote. Mwalimu abadilishe oili. Breki aoshe chujio la hewa. Mimi nifungue plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, nitie kijiko kimoja cha oili tunduni ili ndani kusiote kutu, kisha niirudishe. Tukaiweka juu ya mbao isiguse unyevu, tukaifunika turubai, na kwa miezi mitatu tukakaa juu yake kama kuku wanaoatamia.

Mniruhusu niwatambulishe. Fundi Nusu aliwahi kufanya kazi gereji. Akafundishwa kufungua, akaondoka kabla ya somo la kufunga. Mwalimu alistaafu, ila mdomo wake haujapewa barua. Breki alikuwa dereva wa lori, na jina limetokana na mwendo wa fikra zake. Mimi naitwa Spika, na sababu mnaisikia.

Sasa, mvua zilikatika. Siku ya nane miche ikaanza kulaza majani, na asubuhi hiyo Shangazi akatubwagia birika jikoni.

Shangazi: Nisikilizeni, wanangu wenye mvi. Birika hili likiisha kabla sijasikia pampu ikiunguruma, nazima jiko. Nitabeba maji kwa ndoo kutwa nzima, na mtu mwenye ndoo kichwani hapiki kahawa. Tutaonana mvua zijazo.

Breki: Mvua zijazo, Shangazi? Si miezi saba hiyo?

Shangazi: Kumbe kuhesabu unajua! Basi kahesabu na miche yangu. Elfu mbili, na yote inanitazama.

Akaingia bustanini na ndoo yake. Mimi wakati huo nilikuwa nacheza drafti na Breki. Kete zetu ni vizibo vya soda, na kingi wangu ni kidude kirefu cha chuma chenye shingo nyeupe, ambacho tangu mvua zianze hakijawahi kuliwa. Mchezo ulikuwa mtamu, kwa hiyo nikaamua kuongoza uokoaji nikiwa nimekaa.

Fundi Nusu akaitoa pampu chini ya benchi, akavuta kamba. Fsss.

Fundi Nusu: Mmeona kamba ilivyo laini? Kama pamba! Hayo ndiyo matunzo.

Mimi: Matunzo gani, mbona haiwaki?

Fundi Nusu: Kuwaka ni hatua ya pili.

Mwalimu: Haraka haraka haina baraka.

Breki: Mwalimu, kavuta mara arobaini.

Mwalimu: Ndiyo maana.

Mimi: Kimya! Naitisha kikao. Kila mtu ajieleze alichofanya. Fundi, petroli ya zamani uliitoa yote?

Fundi Nusu: Yote! Na kabureta nikaimwaga mpaka tone la mwisho. Petroli ikilala miezi mitatu inageuka gundi, hilo hata mbuzi anajua. Leo nimetia mpya. Nusa mwenyewe.

Mimi: Mwalimu, oili?

Mwalimu: Nikamwaga ile nyeusi, nikatia mpya mpaka kwenye alama. Maji yakimwagika hayazoleki.

Breki: Mwalimu, ile ni oili.

Mwalimu: Oili ndiyo kabisaa.

Mimi: Breki! Chujio?

Breki akafikiri. Kwa mbali jogoo akawika, akamaliza.

Breki: Nililiosha. Nikalianika kivulini siku mbili, likakauka. Nikalirudisha.

Fundi Nusu: Kwa sabuni gani?

Breki: Ya shemeji yenu. Ile yake ya kuogea, ya maua.

Fundi Nusu: Ya maua! Kumbe ni wewe! Mashine inavuta hewa ya bafuni, inadhani iko likizo!

Breki: Sabuni ni sabuni, bwana.

Fundi Nusu: Uongo! Mke wako anajua kama umeosha mashine kwa sabuni yake?

Breki: Ndiyo maana nilianika kwako.

Kamba ikavutwa tena. Fsss.

Mwalimu: Tulieni. Mmeisikia? Hiyo ni chafya.

Mimi: Chafya?

Mwalimu: Ina bomba la kutolea moshi, haina? Basi ina pua. Chenye pua hushikwa na mafua. Tuipashe joto, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi: Ufa upi tena?

Mwalimu: Tukiuona tutauziba.

Breki akavua sweta lake, tukaivalisha pampu, mpini ukatokea kwenye mkono mmoja. Ilipendeza. Fundi Nusu akavuta. Fsss. Tukajimiminia kahawa ya kutuliza moyo. Na hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu sisi: tukiwaza, tunakunywa, na kahawa ikipungua, tunawaza zaidi. Birika lilikuwa limeshapita nusu.

Fundi Nusu: Jamani, nimelijua. Shangazi huiwasha kwa maneno gani?

Mimi: Huitukana.

Fundi Nusu: Enhe! Nasi tumeilea kwa upole miezi mitatu. Imedeka! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwalimu: Hiyo methali umeitumia sawasawa. Usirudie.

Tukaizunguka, zamu kwa zamu.

Fundi Nusu: Wewe debe! Wewe sufuria lenye kamba!

Mwalimu: Mtoro wewe! Kesho uje na mzazi!

Breki: Wewe... wewe... Nirudieni baadaye.

Mimi nikasimama juu ya benchi. Nikaitukana ile pampu kuanzia kitako mpaka kifuniko, nikagusa ukoo wake wote hadi baiskeli, na watu waliokuwa ng'ambo ya barabara wakapiga makofi. Nikainama kwa heshima. Fundi Nusu akavuta.

Fsss.

Breki: Nimefikiri.

Wote tukageuka. Si jambo la kila siku.

Breki: Mashine hii imekaa chini yetu miezi mitatu. Kutwa inatusikiliza. Inaona sisi tunakaa, tunasema, tunakunywa, tunakaa tena. Haina kutu, haina mafua. Imejifunza kukaa.

Hakuna aliyecheka. Fundi Nusu aliinama akaitazama pampu ndani ya lile sweta, na kwa kweli kwa jinsi ilivyoegemea ukuta, ilibaki kushika kikombe tu.

Mwalimu: Mungu wangu. Tumeiharibu kisaikolojia.

Nikatikisa birika. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Breki akakimimina, akakishika mkononi, akaanza kufikiria kama akinywe. Nyuma ya ukuta tukasikia ndoo ya Shangazi ikigonga kisima, kisha Shangazi mwenyewe akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyebeba ndoo kumi na kubakiwa na mia. Hapo kicheko kikanikauka kidogo. Kidogo tu, nimewaambia nina tatizo.

Ndipo akatokea dada mmoja mwenye sare nyeupe na mkoba begani. Ni mkunga wa zahanati, amehamia mtaani juma lile.

Mkunga: Shikamooni. Kahawa ipo?

Mwalimu: Marahaba. Ipo mkononi mwa Breki, bado iko kwenye majadiliano.

Mkunga: Na huyo aliyevaa sweta ana nini?

Tukamweleza, wote wanne kwa pamoja: sabuni, mafua, malezi, saikolojia. Akasikiliza kama anavyosikiliza wanaume wanaoeleza uchungu wa kuzaa. Kisha akaweka mkoba chini, akachuchumaa, akashika ile kofia ya mpira inayoleta moto wa umeme kwenye injini, akaing'oa. Chini yake hakukuwa na kitu ila kitambaa kilichosokotwa na kusokomezwa tunduni.

Mkunga: Plagi iko wapi?



Fundi Nusu akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Breki. Mimi, kama mwenyekiti, nikapiga goti la Breki kama meza.

Mimi: Swali zuri sana, dada! Nani alipewa kazi ya plagi? Ajitokeze! Asijifiche nyuma ya wenzake! Miche elfu mbili inakauka kwa ajili ya mtu mmoja mzembe!

Breki peke yake ndiye aliyekuwa akitazama chini, kwenye ubao wa drafti, polepole, kama lori linalorudi nyuma.

Breki: Spika. Huyu kingi wako... ana nyuzi za skrubu kiunoni.

Nikamtazama kingi wangu. Shingo nyeupe. Kiuno cha chuma. Miezi mitatu nimemsifu kwamba hana mfano.

Mkunga: Nipe.

Mimi: Dada, nimebakiza hatua mbili nishinde.

Mkunga: Baba, nipe. Jenereta ya zahanati ikigoma mtoto akiwa njiani, hatuitishi kikao.

Nikampa. Akachomoa kitambaa, akamwambia Fundi Nusu avute mara mbili tundu likiwa wazi. Ile oili ya kijiko changu ikaruka yote kwenye sweta la Breki. Plagi akaipangusa kwa pamba na spiriti kama kitovu cha mtoto. Fundi Nusu akatoa spana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafunga kitu. Kofia ikarudi mahali pake. Kamba ikavutwa, safari hii ikawa nzito kama ng'ombe. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikatoa moshi wa bluu. Mara ya tatu ikaunguruma mpaka vizibo vya soda vikacheza vyenyewe ubaoni.

Shangazi akaja mbio, mikono inachuruzika maji, akaenda moja kwa moja kwenye birika. Tupu. Uso ukaanza kubadilika.

Breki akanyoosha mkono. Kikombe kilikuwa kimejaa; alikuwa bado hajaamua.

Shangazi akakipokea, akampa mkunga, kisha akatutazama mmoja mmoja.

Shangazi: Ilikuwa na nini?

Vidole vitatu vikanielekea. Cha nne kilikuwa cha mkunga.

Msimuliaji hodari angeishia pale pampu ilipounguruma, akainuka kwa heshima zake akaenda nyumbani. Lakini mimi niliwaonya tangu mwanzo kwamba nasimulia vibaya.