Sigara za Kuba Kabatini kwa Kinyozi

Benchi la pale kona limeegemea ukuta wa kinyozi, na ubao wake umelainika kwa kukaliwa na watu wale wale. Saa kumi jioni, muuza kahawa akishapita na birika lake, utawakuta: Stuadi, aliyehudumu miaka kumi na moja katika chumba cha wavuta sigara kwenye meli ya abiria, Mita, aliyestaafu kazi ya kusoma mita za maji, na Dobi, ambaye duka lake la kufulia liko ng'ambo ya barabara, analilinda kwa jicho moja huku la pili liko kwenye mazungumzo. Wa nne alikuwa kinyozi mwenyewe. Ni miezi mitano tangu afariki, na mpaka leo hao watatu hukaa kwa kubanana, mwisho wa benchi ukabaki wazi.

Siku hiyo binti wa kinyozi, ambaye sasa ndiye mwenye mkasi, alikuwa ndani anapaka rangi. Akatoka na sanduku la mbao nyekundu, akauliza ni la nani. Alilikuta kabatini, nyuma ya taulo.

Stuadi alilitambua kabla hajaligusa. Zilikuwa sigara za Kuba ishirini na tano, zile nene zinazoviringishwa kwa mkono. Abiria mmoja alimpa siku ile alipoacha kazi melini. Mkewe hakutaka hata kuisikia harufu ya tumbaku nyumbani, basi Stuadi akazikabidhi kwa kinyozi, wakakubaliana zilale miaka ishirini ndipo wazifungue pamoja. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu.

Dobi akataka kujua kitu cha kuchomwa moto kinalazwa kwa nini. Hapo Stuadi akavuta pumzi, akaanza, kama ambavyo amekuwa akianza kwenye benchi hilo miaka yote. Tumbaku changa, alisema, ina ukali unaochoma pua. Ukiipumzisha, ukali unatoka polepole na utamu unabaki. Lakini inataka mtunzaji: sanduku la mbao za mwerezi kama hili, joto la wastani, unyevu usiozidi wala kupungua. Ikikauka inapasuka, ikilowa inaota ukungu.

Binti alicheka kidogo. Kumbe ndiyo maana kila Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, baba yake alikuwa anaingia peke yake na kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Akafungua sanduku. Pembeni mwa sigara kulikuwa na sponji katika kisahani cha sabuni, limekauka kidogo tu kwa vile kifuniko kilibana barabara. Miaka kumi na tisa ya Jumatatu, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mita alitia kidole ndani, akatangaza kwamba unyevu ni sabini kwa mia, na kwamba mtu aliyesoma mita maisha yake yote hahitaji mita. Stuadi akawaambia kwamba huko Kuba, viwandani, mtu mmoja huketi juu kwenye kiti na kuwasomea waviringishaji magazeti na riwaya wakiwa kazini. Hilo tu ndilo Dobi alilokuwa analingojea.

— Basi tumbaku inasikia, alisema. Ikisomewa habari za vita, inakuwa kali.

— Ikisomewa mapenzi? aliuliza Mita.

— Moshi unakwenda wima. Haupepesuki.

Mita alikataa, akasema kinachoingia ni sauti ya msomaji wala si habari zenyewe. Msomaji mwenye mafua anaharibu sanduku zima. Dobi akaongeza kwamba ndiyo sababu ya kuzilaza, ili zisahau. Ya miaka hamsini imeshasahau kila kitu, na ukiivuta nawe unasahau hata njia ya kwako. Walibishana hivyo mpaka kahawa ikapoa, kila mmoja ana hakika kuliko mwenzake, na wote wawili wakamgeukia Stuadi awaamue.

Binti akawahi kumwuliza Stuadi.

— Baba mdogo, kwani ladha yake ikoje?

Stuadi akaigeuza sigara moja vidoleni, akaibonyeza, ikabonyea na kurudi. Hilo alilijua. Alijua kuikata, kuiwasha, kuisoma kwa jivu lake na kwa uso wa anayeivuta. Lakini wahudumu walikatazwa kuvuta, na katika miaka yote kumi na moja hakuwahi kuitia mdomoni hata moja. Mtu pekee aliyelijua hilo alikuwa kinyozi, na kinyozi aliondoka nalo. Angeweza kusema lolote, wangemwamini.

— Sijui, mwanangu, alisema. Sijawahi kuonja. Mimi nilikuwa nawawashia abiria.

Hakuna aliyemcheka. Dobi alisogea kidogo, kama anayempa nafasi, na binti akaingia ndani akarudi na wembe mpya.

Stuadi alikata kichwa cha sigara, kipande chembamba kama ukucha. Akawasha njiti, akaishika mbali kidogo ili moto usiiguse, akaizungusha polepole hadi ncha yote ikawa nyekundu sawasawa. Mikono ilikuwa kazini. Kisha, badala ya kumpa mtu, akaitia mdomoni. Hakuumeza moshi. Akaukalisha ulimini, akafumba macho.

Mwanzo ilikuwa mbao. Halafu kahawa iliyokaangwa mpaka karibu iungue. Mwishoni, moshi ulipokwisha kutoka, ukaja utamu uliochelewa, kama wa asali, ukakaa. Ukali haukuwepo kabisa. Yote aliyokuwa akiyahubiri kwa kusoma nyuso za watu yalikuwa kweli, na zaidi kidogo.

— Ndivyo nilivyokuwa nawaambia, alisema, na safari hii alikuwa anajua.

Ikazunguka benchini. Mita akakohoa kwa sababu aliumeza, akadai alikuwa anapima. Dobi alikaa nayo muda mrefu, akasahau hata kulitazama duka lake. Binti hakuvuta. Aliinama juu ya sanduku, akasema anaijua harufu hiyo. Ilikuwa kwenye koti la baba yake kila Jumatatu jioni, naye mama yake alikuwa anadhani ni dawa ya nywele.

Dobi akauliza zile ishirini na nne zinaweza kukaa muda gani.

— Hata miaka ishirini mingine, alisema Stuadi. Sisi ndio hatuwezi.

Akasogea mpaka mwisho wa benchi, akampigapigia binti ubao pembeni yake aketi, kisha akafunua tena sanduku na kuchagua ya pili.